Riwaya moja, filamu ya nne: tunalinganishaje matoleo bila kugombana?

KurasaNaPicha (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu.

Naandaa vikao vya kikundi cha wasomaji. Mpango ni kuchukua riwaya moja inayopendwa, kisha kuitazama katika matoleo yake matatu au manne ya filamu na tamthilia. Tunaanza na Pride and Prejudice (1813), maana mwaka 2025 Netflix ilitangaza kuitengeneza upya kwa sehemu 6, na mashabiki walishagawanyika makambi kabla ya kuona hata picha moja. Ikienda vizuri zitafuata Little Women na Dune.

Mijadala ya namna hii ina ugonjwa unaojulikana. Kila mtu anatetea toleo aliloanza nalo, neno "uaminifu" linageuzwa rungu, na kitabu chenyewe kinabaki kimefungwa mezani. Naomba wenye ujuzi wanisaidie haya:

1. Tulinganishe nini hasa, na kwa utaratibu gani?
2. Kwa nini toleo linaloshambuliwa mwaka wa kwanza huja kupendwa baadaye?
3. Kuna mashabiki wanaokata filamu upya wenyewe ili kuondoa yasiyomo kitabuni. Kazi hiyo ina faida yoyote kwa mjadala?

Nawasilisha.

SuraYa34

Mkuu, usilinganishe filamu nzima na kitabu kizima. Ugomvi unaanzia hapo, kwa sababu vyote viwili ni vikubwa mno na kila mtu anashika upande unaomfaa. Linganisha tukio moja na tukio lilelile.

Ila kabla ya tukio, piga hesabu ya muda na uiandike ubaoni. Riwaya hiyo ina sura 61. Tamthilia ya BBC ya 1995 ina sehemu 6 za karibu dakika 55 kila moja, jumla kama dakika 330, kwa hiyo kila sura inapata dakika 5 na ushee. Filamu ya 2005 ina dakika 127 hivi, yaani dakika 2 kwa sura. Anayemlaumu mwongozaji wa 2005 kwa kumwondoa dada wa pili wa Bingley (rafiki wa Darcy, shujaa wa kiume wa riwaya) pamoja na mumewe, kwa kweli analaumu saa ya ukutani. Swali la haki ni hili: dakika 2 alizokuwa nazo alizitumia kufanya nini? Hesabu hiyo peke yake inanyamazisha malalamiko mengi kabla hayajatoka mdomoni.

Sasa chukueni sura ya 34, Darcy anapomposa Elizabeth, mhusika mkuu wa riwaya, mara ya kwanza. Isomeni kwa sauti, itachukua kama dakika 15. Kila mtu awe na karatasi yenye safu nne: kazi ya tukio kitabuni, kilichobaki kwenye filamu, kilichoongezwa, na gharama, yaani kilichopotea ili kile kilichoongezwa kipate nafasi. Safu ya kwanza ijazwe kabla ya kuwasha skrini. Watu wakiijaza baada ya kutazama, wanaandika kazi ya tukio la filamu waliyoipenda, na zoezi zima linaharibika.

Mkisoma kwa makini mtaona jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau. Darcy anafungua kwa maneno yake mwenyewe, sentensi chache tu, halafu msimulizi anachukua usukani na kutueleza kwa muhtasari alichosema kuhusu hali duni ya familia ya Elizabeth na kikwazo alichokiona. Maneno yenyewe hayamo. Kila mwandishi wa skripti tangu zamani amelazimika kuyatunga. Hali ni hiyo hiyo sura ya 58, Elizabeth anapokubali: jibu lake limesimuliwa, halikunukuliwa. Kwa hiyo shabiki anayedai "walibadilisha maneno ya Darcy" mwombe afungue ukurasa aonyeshe maneno hayo. Hatayapata, na hapo ndipo mazungumzo mazuri yanapoanza, kwa sababu sasa mnajadili kwa nini mwandishi wa riwaya aliamua kuyaficha.

Kisha tazameni. Toleo la 1995 limebaki ndani ya nyumba, chumba kidogo, Darcy anatembeatembea, kimya kinavutwa. Lile la 2005 limetoka nje kwenye mvua, na Elizabeth amefika pale mbio baada ya kuambiwa kanisani jinsi Darcy alivyomtenganisha dada yake na Bingley. Kitabuni habari hiyo anaipata matembezini sura moja kabla, anaumwa kichwa, anabaki nyumbani peke yake akisoma barua za dada yake, na Darcy anaingia pasipotarajiwa. Kazi ya tukio ni nini? Kumfikishia Elizabeth posa katika saa ileile anayomchukia mposaji kuliko wakati mwingine wowote. Matoleo yote mawili yanaifanya kazi hiyo. La 2005 limelipa gharama ya kile chumba, ile aibu ya watu wawili wenye adabu wasioweza kupiga kelele kwa sababu wako sebuleni kwa watu. Likapata kitu kingine: miili iliyokaribiana, maneno yanayotoka pumzi ikiwa juu. Mimi naona chumba kilikuwa na thamani zaidi, lakini anayeona kinyume anaweza kuonyesha sababu yake kwenye safu ya tatu, na hilo tu ndilo linalohitajika.

Kila kipande kitazameni mara mbili, mara ya pili bila sauti. Bila sauti mnaona nani anakaa, nani anasimama, nani anageuza uso. Watu waliozoea kusifia maneno wanashangaa kiasi gani cha tukio kimebebwa na umbali kati ya viti.

Barua1869

Nijibu la pili, na nianze mbali kidogo, kwa sababu watu wanadhani shinikizo la mashabiki lililetwa na mitandao.

Juzuu ya kwanza ya Little Women ilitoka 1868. Wasomaji, hasa wasichana, wakamwandikia mwandishi wakitaka kujua dada wale wanne wataolewa na nani, na wengi wakitaka mmoja wao, Jo, aolewe na kijana jirani yao, Laurie. Louisa May Alcott alikataa. Alimwandikia rafiki yake kwamba Jo alipaswa kubaki bila kuolewa, ila kwa kelele za wasomaji akamtafutia mume asiyetarajiwa, ndiye profesa Bhaer wa juzuu ya 1869. Kwa hiyo mashabiki walikuwa ndani ya kitabu hata kabla sinema haijavumbuliwa. Toleo la 2019 limechukua mvutano huo na kuuingiza kwenye filamu: mchapishaji anadai mhusika aolewe, mwandishi anapatana naye bei. Wapo waliosema hilo ni kuharibu kitabu. Kwangu mimi ni mtu aliyesoma kitabu pamoja na historia yake.

Sasa kwa nini hasira ya mwaka wa kwanza hupoa? Sababu kubwa ni kwamba toleo jipya halilinganishwi na kitabu, linalinganishwa na toleo lililotangulia. Mwaka 2005 watu walikuwa na Darcy wa 1995 kichwani. Walichokiita "si Darcy" maana yake ilikuwa "si yule". Na huyo wa 1995 mwenyewe anakumbukwa zaidi kwa tukio la kutoka ziwani na shati lililolowa, tukio ambalo halimo kwenye riwaya. Sura ya 43 Darcy na Elizabeth wanakutana nje ya Pemberley, nyumba ya Darcy, wote wawili wanaiva nyuso kwa aibu, basi. Hakuna maji. Wapo wanaofungua kitabu kulitafuta ziwa hilo na kudhani wameuziwa nakala iliyopunguzwa.

Sababu ya pili ni ukubwa wa kipande kinachosambazwa. Filamu ya 2005 ina sekunde chache ambapo Darcy anamshika Elizabeth mkono kumpandisha kwenye gari la farasi, anaondoka, na kamera inaonyesha vidole vyake vikijinyoosha kama vimeungua. Hilo nalo halimo kitabuni. Lakini ni fupi, linaeleweka bila sauti, na linajirudia vizuri kwenye simu. Kizazi kilichokutana na filamu kwa mlango huo hakikuwa na deni lolote kwa 1995. Filamu ikarudishwa kwenye majumba ya sinema 2025 ilipotimiza miaka 20, ikapokewa kama kitu cha nyumbani.

Dune ni mfano wa tofauti kidogo. Toleo la 1984 lilipondwa, na mwongozaji David Lynch mwenyewe aliondoa jina lake kwenye toleo refu lililokatwa kwa ajili ya televisheni. Miaka ikapita, watu wakaanza kulipenda kwa mavazi yake, majumba yake, na ule ugeni wake. Hata hivyo hakuna anayelipenda kwa usahihi wa hadithi: linaishia kwa mvua kunyesha kwenye sayari ambayo riwaya nzima imejengwa juu ya kukosekana kwa maji. Toleo jipya lilipokuja kwa sehemu mbili, 2021 na 2024, lilikuwa na dakika 155 na 166, jumla 321, dhidi ya 137 za mwanzo. Nadhani mzigo wa uaminifu ulipopata mbebaji mwingine, lile la zamani likawa huru kupendwa kwa jinsi lilivyo. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Ushauri wa vitendo: kabla ya kutazama, kila mwanakikundi aandike sentensi moja, "naogopa wataharibu…", akunje karatasi. Zifunguliwe mwishoni. Hofu nyingi huhusu sura ya mwigizaji, na mara nyingi sura si kilichowaudhi walipomaliza.

Ila si kila kelele kuhusu mwigizaji ni hofu ya bure. Wuthering Heights (1847) inamtaja Heathcliff, mhusika wake mkuu, mara kwa mara kama mtu wa rangi nyeusi-nyeusi, asiyejulikana asili yake, na dharau anayotendewa inashikamana na jambo hilo. Toleo la 1939 lilimpa nafasi Laurence Olivier. La 2011 ndilo lililomweka mwigizaji mweusi, James Howson. Toleo la 2026 lilipomtangaza Jacob Elordi, ubishi ulirudi palepale. Huo ni ubishi wenye ukurasa wa kuonyesha, tofauti na "sikumuwazia hivyo".

MezaYaUhariri

La tatu naliweza.

Faida ipo, tena kubwa, kwa sababu anayekata anagundua kwa mikono yake nini kimefungwa na nini. Mfano unaojulikana kuliko wote ni The Hobbit. Kitabu kimoja cha sura 19, filamu tatu kati ya 2012 na 2014, dakika 169, 161 na 144. Jumla 474, yaani karibu dakika 25 kwa kila sura. Mashabiki wengi wamezikata na kuzifanya filamu moja ya saa nne au pungufu.

Kila mtu anaanza kwa kumwondoa Tauriel, mwanamke wa kielfu, kwa sababu hayumo kitabuni, na mapenzi yake na Kíli, mmoja wa vibeti wa msafara, ndiyo yaliyowaudhi wasomaji. Hapo ndipo somo linapoanza. Kíli anapigwa mshale wenye sumu wakati wa kutoroka kwenye mapipa. Kwa jeraha hilo anaachwa mji wa ziwani, na wenzake watatu wanabaki naye. Tauriel ndiye anayemponya. Ukimwondoa Tauriel na kuacha jeraha, mgonjwa anapona bila daktari. Ukiondoa jeraha pia, vibeti wanne wanatoweka kabla ya mlimani bila maelezo, kisha wanaibuka mwanzoni mwa filamu ya tatu mji ukiungua. Wengi hukata mazungumzo ya kuachwa, wakaepuka picha pana zinazoonyesha idadi ya walioko mlimani, na kutegemea kwamba mtazamaji hahesabu. Kwa kawaida hahesabu, mpaka aambiwe.

Shida kubwa zaidi ni muziki. Picha inakatika popote, muziki haukatiki. Ukiruka dakika mbili katikati ya wimbo unaopanda, sikio linashtuka hata kama jicho halikuona kitu. Njia ni hizi. Diski nyingi zina sauti ya mfumo wa 5.1, yaani iliyogawanywa kwenye chaneli sita, na chaneli ya katikati hubeba zaidi mazungumzo. Unaweza kuzinyamazisha nyingine, ukabaki na maneno, ukaweka chini yake muziki kutoka mahali pengine pa filamu hiyohiyo. Au unaanza kuleta sauti ya tukio linalofuata fremu 12 hadi 24 kabla ya picha yake, nusu sekunde mpaka sekunde moja kwa filamu ya fremu 24, na mshono unafichika. Pale ambapo mazungumzo yamevujia chaneli za pembeni utasikia mwangwi hafifu kama mtu anaongea kutoka chumba cha pili. Hapo hakuna dawa nzuri, tafuta sehemu nyingine ya kukata.

Mengine madogo: manukuu yanasogea baada ya kila mkato, kwa hiyo yapangwe upya mwishoni kabisa, si katikati ya kazi. Rangi ya usiku na mchana huruka ukihamisha tukio. Na usibane faili mara mbili, picha za giza zinafanya miraba.

Kwa kikundi, msikate filamu. Andikeni orodha ya mikato tu kwenye karatasi: dakika fulani hadi dakika fulani, na kwa kila mkato mstari mmoja wa kitakachoanguka baadaye. Hamtahitaji kunakili diski (sheria zake hutofautiana nchi hadi nchi) wala kusambaza faili ya mtu, na funzo mnalipata lilelile. Saa moja na nusu inatosha kwa filamu moja.

NguzoYaNyumba

Nakubaliana na SuraYa34 kwa sehemu. Kupima tukio kwa kazi yake ni njia nzuri, lakini kuna vitu vidogo ambavyo ndani ya tukio havina kazi inayoonekana, na bado ni nguzo. Ukivitoa leo, nyumba inaanguka kitabu cha tatu.

Tazama Percy Jackson. Kitabu cha kwanza (2005) shujaa ana miaka 12. Filamu ya 2010 ilimfanya kijana mkubwa zaidi. Ndani ya filamu ile, tukio kwa tukio, umri haukuzuia chochote: anapigana, anatafuta radi. Lakini vitabu vyote vitano vimefungwa na utabiri kuhusu mtoto wa miungu wakubwa atakapofikisha miaka 16. Miaka ile minne ndiyo saa inayohesabu kurudi nyuma. Mashabiki waliokasirika 2010 hawakuwa wakigombania namba, waliona saa imeng'olewa ukutani. Tamthilia iliyoanza Desemba 2023, mwandishi mwenyewe akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, ikamrudishia umri wake. Malalamiko yakahamia kwingine: sehemu 8 tu, na watoto wanautambua mtego kabla haujafunga, hivyo hofu inayeyuka. Umri ulirudi, mashaka yakapotea, na mashabiki wakaona tofauti upesi.

Kwa hiyo ongezeni safu ya tano kwenye karatasi: kikiondolewa hiki, nini kinaanguka baadaye? Safu hiyo inajazwa na waliomaliza kitabu chote au mfululizo wote, si na waliosoma sura moja ya kikao.

Kwenye Harry Potter hili linaonekana wazi. Kitabu cha tano ndicho kirefu kuliko vyote saba, sura 38, lakini filamu yake ya 2007 ni dakika 138, miongoni mwa fupi kabisa kwenye mfululizo wa filamu 8. Kilichokatwa hapo hakikuonekana kuwa kitu mwaka huo. Mashabiki wanaoisubiri tamthilia ya HBO iliyotangazwa 2023 wanaingoja sehemu ile kuliko nyingine, kwa sababu wamekaa na shimo lile muda mrefu. Na lile lalamiko maarufu la kitabu cha nne, kwamba kitabuni Dumbledore, mkuu wa shule, anamuuliza Harry "kwa utulivu" kama ameweka jina lake kwenye kikombe cha mashindano huku filamu ya 2005 ikimwonyesha akimkimbilia na kumtikisa, wengi hulichukulia kama mzaha wa mtandaoni. Mimi naliona la haki kabisa. Utulivu ule ndio unaomwambia msomaji kwamba kuna mtu mzima mmoja katika chumba kile aliyekwisha kuamini kwamba mtoto anasema kweli.

Kuongeza nako kunaweza kubomoa nguzo. Devdas, riwaya ya Kibengali iliyochapishwa 1917, imetengenezwa filamu tena na tena. Kitabuni Paro na Chandramukhi hawakutani kamwe. Wanawake wawili wanampenda mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa dunia. Filamu ya 1955 ya Bimal Roy iliwapitisha njiani, wakaangaliana, kila mmoja akaendelea na safari bila neno. Ile ya 2002 imewakutanisha, wakazungumza, wakacheza pamoja kwenye sherehe. Ngoma ile ni nzuri mno, waigizaji wawili wakubwa kwenye fremu moja, na ndiyo inayokumbukwa na watu ambao hawajawahi kuiona filamu yenyewe. Gharama yake ni ule upweke. Mimi nasimama na 1955: ilimpa mtazamaji picha ya wawili hao bila kuvunja ukuta uliopo kati yao.

KurasaNaPicha

Asanteni sana, wakuu. Karatasi ya safu tano nimeichukua kama ilivyo.

Mawili yamebaki. Matoleo tuyatazame kwa mpangilio gani, la zamani kwanza au jipya? Na nina wanakikundi ambao filamu wameziona zote, kitabu hawajafungua. Niwafanyeje? Pia Dune inanitisha, maana kitabu kimejaa mawazo ya watu vichwani. Hilo tunalipimaje?

SuraYa34

Mpangilio: toleo linalopendwa zaidi na wengi kikundini lisiwe la kwanza wala la mwisho. Likiwa la kwanza linakuwa mizani, likiwa la mwisho linakuwa tuzo. Liweke katikati. Kwa kikundi chenye matoleo matatu ya Pride and Prejudice ningeanza na la 1940, kwa sababu mavazi yake yamehamishwa miongo mbele ya wakati wa riwaya na kila mtu anaona papo hapo kwamba hii ni tafsiri ya mtu, haijidai kuwa kitabu. Kisha 1995, kisha 2005.

Wasiosoma kitabu usiwatenge. Wape kazi ambayo wao ndio wanaoiweza: waandike kile wasichoelewa. Msomaji anajaza mapengo ya filamu kwa kumbukumbu yake bila kujua. Asiyesoma akisema "huyu mtu ametoka wapi?" au "kwa nini anamchukia hivi?", mmepata mahali halisi ambapo filamu inategemea kitabu badala ya kusimama. Usiwaruhusu wasomaji kuwajibu mpaka filamu iishe.

Dune: chagua tukio la mkono ndani ya sanduku, liko mwanzoni kabisa mwa riwaya na limo kwenye matoleo yote. Kazi yake ni kumpima Paul, kijana shujaa wa riwaya, kwa maumivu huku akijisomea kichwani maneno ya kuikabili hofu. Kitabuni vita vyote viko ndani ya kichwa. Toleo la 1984 limetatua kwa kunong'oneza mawazo kama sauti inayosikika juu ya picha bila midomo kusogea, na limeonyesha nyama ikiungua. Lile la 2021 limemnyamazisha Paul, maneno ya hofu yakahamia kwa mama yake anayeyasema nje ya mlango akitetemeka, na kamera ikapishana kati yao. Hapo una jibu la swali lako: usipime kama wazo limetamkwa, pima limehamishiwa wapi, kwa nani, na aliyepokea amepata nini. Mama wa 2021 amekuwa mzito zaidi kwa dakika hiyo. Paul amepoteza sauti yake ya ndani, na ataikosa muda mrefu baadaye. Hiyo iandikwe safu ya tano.

Kinyume chake ni Persuasion ya Netflix ya 2022. Sauti ya ndani ilihamishiwa kwenye kamera, mhusika akawa anaongea na mtazamaji moja kwa moja kwa maneno ya kisasa. Njia yenyewe haina kosa. Kilichowaumiza wasomaji ni kwamba riwaya ile inamhusu mwanamke aliyekaa kimya miaka minane, na sasa alikuwa na mtu wa kuongea naye wakati wote.

Barua1869

Mkifika Little Women, tumieni sura ya 46, mwavuli na mvua. Bhaer anasema hana cha kutoa ila moyo uliojaa na mikono mitupu, Jo anamwekea yake na kusema si mitupu tena. Toleo la 1994 limeyachukua maneno hayo karibu yalivyo. Tazameni 1933, 1949, 1994, na 2019 iwe ya mwisho, hapa kanuni ya katikati iwekeni kando. Ile ya 2019 inakata kutoka kwenye mwavuli kwenda ofisini kwa mchapishaji na kurudi, na mtazamaji anaachwa aamue kama busu lile lilitokea au liliandikwa tu.

Someni kwanza safu ya kwanza ya kila mmoja kwa sauti. Kutakuwa na walioandika "Jo anapata mapenzi" na walioandika "mwandishi anawalipa wasomaji deni lao". Wakalisheni pande mbili za chumba kabla ya kuwasha filamu.